TAHARIRI: NG'OMBE ALIYETUPA MIMBA ASICHINJWE KIMYAKIMYA



Leo gazeti letu la ukutani halisemi habari za mbolea wala za madeni. Linasema habari za machinjio yetu.

Kiangazi kilichopita ng'ombe wa mwenzetu mmoja alitupa mimba ya miezi saba. Baada ya wiki mbili akauzwa, akachinjwa alfajiri kabla bwana mifugo hajafika. Saa tatu asubuhi nyama imekwisha. Vijana wetu wawili ndio waliochuna na kupasua, tena kwa mikono mitupu. Mwezi haujaisha, mmoja akashikwa na homa. Jioni inakuja, asubuhi haipo. Mgongo unauma, viungo vinauma, usiku jasho mpaka shuka linalowa. Katibiwa malaria mara tatu. Shamba lake likaota majani. Alipopimwa damu hospitali ndipo ikajulikana kuwa ni ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu wanauita bruselosisi.

Wako waliosema karogwa. Jamani, hakurogwa. Na wako wanaosema hatuwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka kwa ng'ombe yule. Ni kweli, hatuwezi. Hatuwezi kwa sababu hakukaguliwa! Hata mimi ninayeandika nisijitoe. Nilijua kuwa ng'ombe yule ametupa mimba. Nikanunua kilo yangu moja, nikanyamaza.

Ndugu zangu, ugonjwa huu hauonekani kwa macho. Mwaka 1887, katika kisiwa cha Malta, daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye David Bruce alikipata kijidudu chake kwa askari waliokufa kwa homa. Lakini walikaa miaka mingi hawajui kinatoka wapi. Mwaka 1905 daktari wa hapo hapo kisiwani, Themistocles Zammit, akakikuta kwa mbuzi. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa. Askari walipokatazwa maziwa mabichi ya mbuzi mwaka 1906, homa ile ikapungua sana kwao.

Na kwetu ni hivyo hivyo. Ng'ombe mwenye ugonjwa huu mara nyingi hutupa mimba mara moja tu. Baadaye huzaa kama kawaida, mwenyewe akashukuru kuwa amepona. Hajapona. Anaendelea kuutoa katika maziwa na katika maji ya uzazi. Unaenea kundini kwa kondo la nyuma na vijusi tunavyoviacha malishoni au kuwatupia mbwa, kwa malisho na maji ya pamoja, na kwa mifugo tunayoinunua mnadani bila kupimwa.

Kwa mlaji, nyama iliyoiva vizuri siyo hatari kubwa. Hatari ni kwa anayechinja. Vijidudu vimejaa kwenye mfuko wa uzazi, kiwele, wengu, tezi, na korodani za dume. Kisu kikipasua hapo, maji yanaruka machoni, yanaingia penye mchubuko wa mkono. Na nyie vijana mnaokishika kisu kwa meno huku mnachuna, acheni kabisa.

Tena kutupa mimba kuna sababu nyingi. Homa ya Bonde la Ufa nayo hutupisha mimba, na mwaka 2007 iliua watu hapa nchini, wakiwemo waliogusa damu ya mifugo. Basi nani kati yetu atasimama aseme huyu ametupa kwa bahati mbaya tu, tuchinje?

Najua jibu la mwenye ng'ombe: nikisema, nani atanilipa? Ni swali la haki, wala tusilicheke. Ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni akiba. Lakini anayeficha hajaiondoa hasara. Ameihamisha tu kutoka zizini kwake na kuitua mgongoni kwa mtoto wa jirani. Kijana yule amemeza dawa wiki sita, na mavuno yake hakuna aliyemlipa.

Kwa hiyo napendekeza mkutano wetu ujao uamue haya:

1. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akitupa mimba, bwana mifugo aambiwe siku hiyo hiyo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inatutaka tutoe taarifa.

2. Asichinjwe mnyama yeyote kabla ya kukaguliwa. Akionekana na ugonjwa huu, aondolewe kundini na achinjwe chini ya macho ya mkaguzi, na viungo vya hatari vifukiwe.

3. Ushirika ununue mipira ya mikono, aproni na viatu vya mpira kwa wachinjaji wetu. Maji ya moto na sabuni visikosekane machinjioni.

4. Kijusi na kondo la nyuma visishikwe kwa mkono mtupu. Vifukiwe shimo refu, mbwa wasifukue.

5. Maziwa yachemshwe. Kugandisha mtindi peke yake hakutoshi.

6. Tuulizie chanjo ya mitamba wakiwa bado wadogo. Ya mifugo ipo, ya binadamu haipo.

7. Tuanzishe mfuko mdogo wa kumfuta machozi atakayesema kweli akapoteza ng'ombe.

Hili la saba ndilo litakaloleta ubishi, najua. Lakini bila hilo, hayo sita mengine yatabaki maandishi ya ukutani tu. Mtu hawezi kusema kweli ikiwa kweli inamfilisi peke yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Safari hii kilio kimeanzia kwa mwingine. Tukutane mkutanoni, na kila mwenye mfugo aje.

Katibu