Kazi za mikono yetu: Pipa, mpira na majani ya kukamulia

Juma hili tunaandika juu ya kasiksi. Si juu ya kuinywa, bali juu ya vyombo vya kuitengenezea. Wengi wenu mlituuliza ni nini kilichopata kikundi chetu cha wakamuaji hapa Bukavu, maana habari zilifika soko la Kadutu mbele yetu sisi wenyewe. Ni heri mzisikie kwetu.

Tuko wamama 14. Zamani kila mmoja alikamua kwake, katika beseni lake, kwa ndizi alizonunua kwa wenye kushuka kutoka Kabare na Walungu. Tukaona kwamba tukiunganisha nguvu na kuwa na vyombo vya pamoja, tutakamua mingi kwa siku moja na kuuza kwa bei inayoeleweka. Mwenzetu mmoja akachukua mkopo katika kasha la kijani la MUSO yetu ili anunue ndizi za kuanzia. Sisi wote tukachanga, tukanunua pipa la plastiki lililokwisha kutumika, kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo.

Tulilisugua kwa mchanga na sabuni, tukalianika juani siku mbili. Tukatia litre 60 za maji ya ndizi. Siku ya tatu tulipofungua, harufu ya dawa ilitupiga puani. Mnunuzi alikuwa tayari anangoja na bidoni zake. Tulimwaga yote, hata kikombe kimoja hakikuuzwa.

Fedha ile ilikuwa na kazi nyingine nyuma yake: minervali ya watoto wawili wa mwenzetu, walio sekondari. Kasha jekundu hatukuligusa, kwani ni la ugonjwa na msiba. Siku ya mkutano wengine walisema mkopo uko kwa jina lake, basi alipe yeye. Tulibishana mpaka giza. Halafu mama mmoja mzee akauliza: “Pipa lile, nani alilichagua?” Kila mtu akanyamaza. Tulikuwa tumelichagua wote. Deni tukaligawanya vipande 14, tukalilipa kwa miezi mitatu, na watoto hawakufukuzwa masomoni. Lakini tulikata shauri kwamba tangu siku ile hatutanunua chombo tusichojua asili yake, na vile tunavyoweza kuunda, tutaunda sisi wenyewe.

Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, pipa. Muulize muuzaji lilibeba nini. Akisita kujibu, liache. Tafuta lililobeba chakula, kama vile mafuta ya kula. Alama ya kikombe na uma chini ya pipa inaonyesha kwamba plastiki ile iliundwa kwa ajili ya chakula, lakini haisemi mtu alitia nini ndani baadaye. Kwa hiyo jaribu hivi: tia maji ya moto, funga, liache lilale usiku mzima. Asubuhi fungua na unuse. Kama kuna harufu ya petroli, ya rangi au ya dawa ya shamba, pipa hilo ni la kubebea mchanga wa kujengea, si la kinywaji. Plastiki inakunywa dawa, na sabuni haiwezi kuifuata ndani.

Ndoo ya bati yenye zinki msiitumie pia. Kasiksi ina uchachu, na uchachu unakula zinki, inaingia katika kinywaji. Mwenye kunywa anatapika na kuumwa tumbo, halafu watu wanasema mama fulani ameloga.

Pili, robine. Tulimwita fundi atoboe tundu upande wa pipa, vidole vitatu juu ya kitako. Hivyo machicha yanabaki chini na kinachotoka ni safi. Robine iwe ya plastiki, na mpira wake wa kuzuia maji uwe ule uliokuja nayo. Msikate mpira wa gurudumu la kinga.

Tatu, njia ya hewa. Hapa ndipo wengi wetu tulikuwa hatuelewi. Maji ya ndizi yakianza kuchemka yenyewe, yanatoa gazi. Ukifunga kabisa, kifuniko kinaruka au bidoni inapasuka. Ukiacha wazi, vinzi vidogo vinaingia, na pamoja na hewa vinageuza pombe kuwa siki. Tulitoboa kifuniko tundu dogo, tukapitisha mpira mwembamba, na ncha yake ya nje tukaizamisha katika chupa yenye maji. Gazi linatoka likifanya mapovu, lakini nzi na vumbi haviwezi kurudi ndani. Mapovu yakipungua sana, tunajua kazi karibu imekwisha. Chombo hiki hakikutugharimu zaidi ya mpira mmoja na chupa iliyotupwa.

Nne, sanduku la kukamulia. Hili lilituchekesha na kutuaibisha. Fundi wa mbao alitutengenezea sanduku lenye matundu chini na ubao wa kugandamiza juu. Tulimwagia ndizi zilizoiva, tukagandamiza kwa nguvu zetu zote. Hakuna kilichotoka ila uji mzito, na matundu yakaziba. Mama mzee yule yule akacheka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na fungu la majani makavu. Ndizi haiachi maji yake kwa kugandamizwa tu; inataka kukandwa pamoja na majani, mpaka nyama yake ishikwe na nyuzi na maji yajitenge. Mama zetu walilijua hili tangu zamani. Sasa tunakanda kwanza kwa majani safi yaliyooshwa, halafu fungu lile lenye unyevu tunalitia sandukuni na kuligandamiza. Sanduku linatupatia yale maji ya mwisho ambayo mikono iliyochoka ilikuwa inayatupa. Mbao zake hazikupakwa rangi wala dawa ya mchwa.

Neno moja zaidi juu ya pipa jipya. Mara ya kwanza kasiksi yetu ilichelewa kuanza, ingawa tulitia unga wa mtama kama kawaida. Mtumbwi wa mti wa zamani unabeba chachu katika ngozi yake. Pipa safi halina kitu. Kwa hiyo tunaweka kikombe cha machicha ya kasiksi nzuri iliyotangulia, na kinaamsha nyingine.

Juu ya usafi, hatutaki mchezo. Kipindupindu tunakijua katika Kivu. Maji ya kuchanganya yachemshwe, halafu yapoe kabisa, maana maji ya moto yanaua chachu. Kitambaa cha kuchujia kichemshwe kila mara. Pipa, robine na mpira tunavipitisha katika maji yenye javeli kidogo, halafu tunavisuuza kwa maji yaliyochemshwa.

Sasa lile swali ambalo baadhi yenu mnalo moyoni: je, muungano wa wamama unafanya vizuri kutengeneza pombe, wakati tunajua nyumba ambamo pombe imekula chakula cha watoto? Tuliliuliza pia kati yetu, na hatukulijibu kwa haraka. Tuliweka sheria tatu. Hatumuuzii mtoto, hata akitumwa na baba yake. Hatuuzi kwa deni, kwani deni la pombe linalipwa na bugali la nyumbani. Na hatupiki kanyanga, kwa faida yoyote ile. Mwenzetu mmoja aliona sheria hizi hazitoshi, akatoka katika kikundi. Tunamheshimu, na katika MUSO tunakaa naye benchi moja kama zamani. Siku ya kukamua tunamtengea bidoni ya maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha, na watoto wake wanayafurahia.

Mwenye kutaka kuona vyombo hivi aje siku ya posho asubuhi, fasi yetu ya kawaida. Mwenye pipa nyumbani alilete, tutalijaza maji ya moto, na siku ya yenga baada ya misa na ibada tutalinusa pamoja. Pua 13 haziwezi kudanganywa kwa urahisi kama moja.