Uzamili Huanza Kabla ya Muhula
Wapo vijana wanaohesabu siku waingie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kuanza shahada ya uzamili. Ada wameihangaikia, chumba wamepata. Swali la utafiti je? Wengi huliacha hadi masomo ya darasani yaishe, kisha tasnifu huwakwamisha, wakati wamesharudi kazini na familia zinawadai. Tunawasihi: tumieni wiki hizi kusoma tasnifu zilizomo maktabani, muone waliotangulia waliuliza nini na waliishia wapi. Watakaoingia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) chuoni hapo, ambako tasnifu huandikwa kwa Kiswahili, wanarithi kazi ya kukuza Kiswahili iliyoanzishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Vyuo navyo vimpangie mwanafunzi msimamizi tangu muhula wa kwanza. Kumsubirisha mwaka mzima ni kumwonea.