Kusubirisha si Dawa

Napinga vikali desturi iliyoota mizizi katika maabara zetu. Programu ya kutuma data kupitia poti ya siriali ikikataa, mwanafunzi huweka amri ya kusubiri baada ya kila herufi, hutazama skrini, kisha huongeza muda tena. Herufi zikionekana, mhadhiri hutoa alama. Nauliza: alama hizo ni za nini?

Tuchukue chipu tuliyoizoea, ATmega328P. Hapo huchanganywa magonjwa mawili. La kwanza ni herufi kupotea. Kwa kasi ya baudi 9600, kila herufi husafiri kwa biti 10: moja ya kuanzia, 8 za data na moja ya kumalizia. Safari hiyo huchukua takriban milisekunde 1.04. Programu ikiandika herufi nyingine kabla rejista ya kutumia haijawa tupu, chipu huipuuza. Dawa ni kusoma biti ya UDRE0, ambayo huwa 1 rejista ikiwa tupu. Anayesubirisha kwa milisekunde 2 ataona herufi zote, lakini akishusha kasi hadi 1200, kila herufi itahitaji zaidi ya milisekunde 8, na upotevu utarudi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

La pili ni skrini kujaa takataka. Hapo kusubirisha hakusaidii hata kidogo. Chipu hii ikitoka kiwandani huendeshwa kwa saa ya ndani ya megahezi 8 iliyogawanywa kwa 8, yaani megahezi 1. Ukiipa programu iliyopigiwa hesabu ya megahezi 16, baudi 9600 inakuwa 600, huku kompyuta ikiendelea kusikiliza kwa 9600. Wataelewana vipi?

Najua utetezi wetu: vifaa hatuna, osiloskopu ni moja na foleni ni ndefu. Siukubali. Andika programu ya kuwasha taa kwa sekunde moja na kuizima. Taa ikikaa sekunde 16, umemkamata mwizi kwa saa ya simu tu. Tunachokosa si kifaa, ni subira ya kupiga hesabu.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu waache kutoa alama kwa skrini pekee. Kila ripoti ieleze saa ya chipu ni megahezi ngapi, thamani ya rejista ya UBRR0 ni ipi na imepatikanaje (kwa megahezi 16 na baudi 9600 ni 103), na programu husubiri biti gani kabla ya kutuma. Asiyeweza kueleza hayo hajarekebisha kitu, amebahatisha.

Nanyi wenzangu, kesho tutatengeneza mita za umeme na vipimo vya wagonjwa. Muuguzi anayesoma namba kwenye kipimo hicho hatajua kwamba tarakimu moja ilipotea njiani. Sisi ndio tunaopaswa kujua.