Wingi wa Watu Si Wepesi wa Kazi

Tunawajua akina baba waandikao programu za kompyuta ambao hurejea nyumbani watoto wamekwisha kulala, kwa kuwa kazi imechelewa. Mkuu wao huongeza watu, akidhani amewapunguzia mzigo. Frederick Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya IBM katika miaka ya 1960, alionya katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu huizidishia kuchelewa kazi iliyokwisha kuchelewa: wageni hufundishwa na wenyeji, na mashauriano huzidi. Watu 5 wana jozi 10 za kushauriana. Watu 10 wana jozi 45. Basi sisi tuliokabidhiwa wenzetu, tupunguze kazi au tusogeze tarehe. Uongozi ni amana, na watoto wale wanamngoja baba yao.