Nduwa ya Babu: Ifukiwe au Iachwe?



Juma hili tuna barua ya mama mmoja mjane wa upande wa Kibosho. Asema kwamba nyuma ya nyumba yake, chini kidogo ya migomba, iko nduwa iliyochimbwa na babu ya marehemu mume wake. Maji ya mfongo hayajaingia humo kwa miaka mingi. Lakini kila masika nduwa hujaa maji ya mvua, nayo hukaa humo miezi, yakageuka rangi ya kijani. Karibu yake lipo tangi la saruji ambamo zamani waliosha kahawa, nalo halina kazi tangu mashine ya kumenyea kahawa ilipouzwa. Mama huyu analea mjukuu wa miaka 2, ambaye sasa ameanza kukimbia. Ataka mashimo yote mawili yafukiwe, apate mahali pa mboga na banda la ng'ombe. Lakini shemeji yake mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, amepiga simu kusema mtu yeyote asiguse kitu cha babu mpaka yeye aje Desemba. "Je, nimngoje?" auliza.

Mama, kufukia kwaweza kungoja Desemba. Mtoto hawezi kungoja hata kesho.

Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Wengi hawakufa baharini wala ziwani. Mtoto wa miaka 2 hahitaji maji marefu: maji yanayomfika mtu mzima kifundo cha mguu yatosha, kwa kuwa akianguka kifudifudi hajui kujiinua. Wala hapigi kelele. Watu hudhani watasikia mlio. Lakini mtoto anayezama huwa kimya, na mara nyingi nyumba nzima iko karibu, mmoja anamenya ndizi, mwingine anakamua ng'ombe.

Basi leo hii mwite kijana mwenye jembe, akate mdomo wa nduwa upande wa chini, maji yatoke pole pole kwenda migombani. Mfereji huo ubaki wazi, ili mvua ikinyesha maji yasikae tena. Kisha zungushia nduwa na tangi ua wa fito zilizosimama karibu karibu, urefu wa kifua cha mtu mzima, na mlango wenye komeo la juu. Masale peke yake hayatoshi. Masale ni mpaka mzuri kwa mtu mwenye adabu, lakini mtoto hupita katikati yake kama kuku. Kazi hizi mbili, kutoa maji na kujenga ua, zaweza kutenguliwa siku yoyote, kwa hiyo sioni shemeji atakuwa na neno gani. Kufukia hakutenguliwi kwa urahisi, na hapo anayo haki ya kusikilizwa.

Kusikilizwa, nasema, sisemi kuamua peke yake. Wako wajane wengi huku mlimani wanaoogopa hata kukata mti katika kihamba wanachokilima kila siku, maana wameambiwa kwamba ardhi ni ya ukoo na wao ni wageni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, yasema kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sisemi neno hili ili mama aende barazani kugombana. Nalisema ili aketi kwenye kikao cha Desemba kama mwenye nyumba.

Sasa tuitazame nduwa yenyewe, kwa maana vijana wengi hawajui tena ilikuwa ya kazi gani. Waiona kama dimbwi la kuogelea, na kweli wazee wetu wengi walijifunza kuogelea humo, wakachapwa kwa kuyatibua maji. Lakini babu hakuichimba kwa ajili ya kuogelea. Maji ya mfongo ni machache, na watu wa kugawana ni wengi. Mkondo mwembamba ukiachiwa shambani hunyonywa na udongo kabla haujafika mbali. Kwa hiyo jioni mdomo wa nduwa ulizibwa, maji ya usiku kucha yakakusanyika, na asubuhi ulizibuliwa, yakatoka kwa nguvu hadi migomba ya mwisho. Ndugu zetu Wapare hufanya vivyo hivyo, nao huita ndiva. Bila akili ya namna hii vihamba visingalilisha watu wengi hivi kwa muda mrefu hivi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu wa kihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa ulimwengu mzima.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufukia, hapana budi kujua kama nduwa imekufa au imelala tu. Panda juu ufuate mfongo mpaka kwenye banio lake mtoni. Ikiwa banio limebomoka, mfereji umejengewa nyumba juu yake, na hakuna anayekumbuka zamu za maji, basi nduwa imekufa. Lakini kama mfongo waleta maji mpaka kwa jirani wa tatu juu yako, na umeziba mahali pamoja tu kwa sababu watu wameacha kutoka kwenye kazi ya kuuzibua, hiyo si kufa. Hapo siku mbili tatu za majembe zaweza kurudisha maji kwa nyumba kumi. Nduwa nyingi zimeachwa kwa namna hiyo: bomba likafika, bei ya kahawa ikaanguka, vijana wakateremka mjini, na wazee waliobaki hawakuwa na nguvu za kusafisha mfereji. Na bomba, kama tujuavyo sote, hukauka siku ile ile tunayolihitaji.

Tena maji ya mfongo si ya mwenye kihamba peke yake. Nduwa nyingine huwanywesha watu wa chini ambao shemeji wa Dar es Salaam hata hawajui. Waulizeni wazee wa mfongo na jumuiya ya watumiaji maji, kama iko, na mtendaji wa kijiji apate habari. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, maji yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Na anayetaka kuyageuza njia au kuyazuia huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko Moshi. Shilingi za nauli ya kwenda kuuliza ni chache kuliko gharama ya kesi.

Tuseme basi mmeuliza, na jibu ni kwamba nduwa imekufa. Msikimbilie kuita lori. Mama ameandika kwamba nduwa ni ya hatua 8 kwa 6, na kina chake chafika kifua. Kwa kuwa kingo zake zimelala, nakisia shimo lenyewe ni kama mita 40 za ujazo. Udongo uliochimbwa hushuka ukishindiliwa, kwa hiyo zitahitajika kama mita 50. Lori linalobeba mita 5 litakuja mara 10, na toroli la lita 60 litasukumwa mara zaidi ya 800! Lakini tazameni tuta linaloizunguka nduwa. Udongo ule ndio babu aliochimba shimoni akaujenga ukingo. Sehemu kubwa ya mzigo imekaa pale pale tangu zamani, yangoja kurudishwa.

Kwanza, hata hivyo, toeni tope la chini. Ni kosa kubwa kulizika. Hiyo ni rutuba ya mashamba ya juu, iliyoletwa na maji mwaka baada ya mwaka ikatulia humo. Lianikeni siku chache, kisha mlitandaze kwenye mashina ya migomba pamoja na samadi. Nimeona watu wakifukia tope lao, halafu juma lililofuata wakaenda Moshi mjini kununua mbolea ya mfukoni.

Fukieni wakati wa kiangazi, Julai hadi Septemba. Kama ni lazima kungoja kikao cha Desemba, basi Januari na Februari, mmalize kabla ya masika. Mawe na udongo mgumu viende chini. Kila tabaka lisizidi kina cha shubiri moja, linyunyiziwe maji kidogo na kutwangwa kwa gogo zito, ndipo lifuate jingine. Anayemwaga udongo wote kwa siku moja atakuta mwakani shimo limerudi, dogo kidogo tu kuliko la kwanza. Udongo mweusi wa juu wekeni kando tangu mwanzo ili uwe wa mwisho kurudi, na katikati mpainue kidogo kuliko pembeni, kwa sababu patashuka tu. Taka za nyumbani, chupa na mifuko ya nailoni visitiwe humo kabisa. Majani na magogo nayo huoza, ardhi ikabonyea.

Iwapo ukingoni pamesimama msesewe, na nduwa nyingi unao, uacheni. Wapika mbege watawashukuru. Msirundike udongo kwenye shina lake, maana mti uliofunikwa shina huoza gome na kufa taratibu.

Tangi la saruji lina shauri lake. Matangi kama haya yako mengi huku, tangu siku ambazo chama cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilipokusanya kahawa ya wakulima na kila nyumba iliosha yake. Asilifukie mtu hivi hivi. Tangi lililojazwa udongo bila kutobolewa chini ni chungu kilichozikwa: mvua huingia, haina pa kutokea, na kila kinachopandwa juu yake hugeuka manjano, mizizi ikioza. Vunjeni sakafu yake kwa nyundo na mtaimbo, matundu makubwa kadhaa, mwage maji mwone kama yanapita. Kuta zibomolewe mpaka kina cha mkono mzima chini ya ardhi, vifusi vikae chini, udongo juu. Ushauri huu wawafaa pia wale walionunua nyumba za zamani mjini zenye bwawa la kuogelea nyuma, ambalo pampu yake imekufa na mbu ndio waogeleaji. Wao waite kwanza fundi wa umeme akate waya za pampu. Na maji yenye dawa yakae juani siku kadhaa kabla ya kuachiwa bustanini.

Lakini kwa tangi la mama huyu mimi ningefikiri mara mbili. Ameandika kuwa ni mita 3 kwa 2, kina mita 1. Hizo ni lita 6,000. Paa la bati la mita 10 kwa 8 hukusanya lita 80 kwa kila milimita moja ya mvua, kwa hiyo mvua tatu nzuri za milimita 25 hulijaza. Fundi akiziba nyufa na kulifunika kwa zege lenye kifuniko kizito cha kufungwa, mama ana maji ya ng'ombe na mboga bila kungoja bomba. Kifuniko ndicho cha lazima. Bila hicho mtoto yumo hatarini tena, na mbu wa malaria huhitaji siku 10 au hivi tu kutoka yai hadi kuruka, ingawa huku juu penye baridi huchukua zaidi.

Kuhusu banda: lisijengwe juu ya nduwa iliyofukiwa, angalau kwa miaka michache. Nguzo zitazama upande mmoja na sakafu itapasuka. Ng'ombe wakae kwenye ardhi ambayo haijachimbwa, na pale pa nduwa pawe pa mboga mwaka wa kwanza, migomba baadaye. Upande wa chini, ambako unyevu hautakwisha upesi, pandeni magimbi. Yatapapenda.

Na huyo bwana shemeji, kama gazeti hili linamfikia huko Dar es Salaam, atume nauli ya kijana wa jembe na fito za ua kabla ya kikao. Juma lijalo nitamjibu msomaji wa Kilema aliyeuliza juu ya mipaka ya kihamba iliyohamishwa usiku.