Lumeni Laki Moja ni Debe Tupu

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu niongee juu ya tochi. Naam, tochi. Atakayecheka na acheke, lakini karibu nchi nzima ilipoingia gizani Agosti 2023, wengi wetu tulikumbuka kwamba tochi nayo ni kifaa cha teknolojia kama ilivyo tarakilishi au simu. Na kama ilivyo kwa tarakilishi na simu, kuna watu wanaotuuzia namba badala ya kifaa.

Namba yenyewe inaitwa lumeni. Pita madukani au fungua intaneti, utaona tochi ya kutosha kiganjani imebandikwa "lumeni 100,000", bei yake haifiki ya kuku wawili. Watu wananunua! Mimi nasema namba hiyo ni uongo mtupu, na sihitaji maabara kuthibitisha. Hesabu za shule ya msingi zatosha.

Twende pole pole. LED nzuri ya siku hizi, ikiwa ndani ya tochi, hutoa lumeni 100 hadi 150 hivi kwa kila wati. Tuwapendelee wauzaji, tuchukue 150. Basi lumeni 100,000 zinataka karibu wati 670. Hiyo ni kama kushika pasi ya umeme mkononi, tena upande wa moto. Tochi hizo nyingi hutumia betri moja ya 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Betri halali ya milliampea-saa 3000 ina nishati ya wati-saa 11 hivi. Ukitaka ikupe wati 670 itakwisha kabla ya dakika moja, na itabidi itoe ampea zaidi ya 180, ilhali zile hodari kabisa za ukubwa huo hutoa 20 au 30. Na ukiona betri hiyo imeandikwa 9900, jua umeongezewa uongo wa pili bure. Hakuna kiwanda chenye sifa kinachofika hata nusu ya hapo.

Haya, matapeli tumewamaliza. Lakini si wao nilioamka nao leo. Ninaogombana nao ni wapenzi wenzangu wa tochi kali, watu wanaojua hesabu zote hizo na bado mkikutana swali la kwanza ni, "Yako ina lumeni ngapi?" Ndugu zangu, mmeukataa uongo mkaabudu namba isiyo na maana. Mnanikumbusha enzi zile za kununua tarakilishi kwa kuhesabu megahazi, na kamera kwa kuhesabu megapikseli.

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Haikwambii mwanga huo unafika wapi, unaonyesha rangi gani, wala utadumu kwa muda gani. Hayo matatu huamuliwa kwa sehemu kubwa na chipu ya LED iliyomo. Kwa hiyo dai langu ni hili: chagua chipu kwanza, kwa kazi yako, halafu lumeni zitakuja zenyewe.

Tuanze na umbali. Tuseme unataka tochi ya askari wa usiku kwenye shamba, aone aliyesimama kwenye ua wa mbali. Utamnunulia yenye lumeni nyingi, sivyo? Utamharibia kazi. Kinachopeleka mwanga mbali ni kandela, yaani ukali wa mwanga upande mmoja, na kandela hutokana na mambo mawili: ukali wa kila milimita ya uso wa chipu, na ukubwa wa kile kikombe king'aacho kilicho mbele yake, riflekta. Chipu ndogo kama Osram W1, yenye uso wa milimita moja hivi ya mraba na isiyo na kuba juu yake, hutoa lumeni mia kadhaa tu. Lakini katika riflekta ileile itaishinda kwa mbali chipu kubwa yenye lumeni mara nne. Ile kubwa itamulika miguu yako, nyasi zote na mbu wote. Ile ndogo itamulika mwizi.

Na kandela unaweza kuipima mwenyewe. Simama mita 5 kutoka ukutani, weka kipima mwanga katikati ya doa, soma laksi, zidisha kwa 25. Ukisoma laksi 400, una kandela 10,000. Tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2: mita 200. Huo ndio umbali ambapo mwanga umepungua hadi robo ya laksi, kama mbalamwezi. Angalia jambo moja hapo: ukitaka mita 400 huhitaji kandela mara mbili, unahitaji mara nne. Ndiyo maana "nguvu maradufu" ya kwenye boksi haikupeleki maradufu.

La pili ni rangi, na hapa ndipo ninapokasirika hasa. Viwanda hupenda chipu za mwanga wa kibuluu wa kelvini 6500 zenye CRI ya 70, kwa sababu hizo ndizo zinazotoa lumeni nyingi kwa wati moja. CRI ni kipimo cha jinsi mwanga unavyozionyesha rangi kwa ukweli. Ya juu kabisa ni 100. Hata hiyo CRI yenyewe ina ujanja, kwani ni wastani wa rangi 8 zilizopauka. Nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo katika wastani huo, na kwenye chipu za CRI 70 mara nyingi R9 huwa chini ya sifuri.

Utasema hayo ni mambo ya wachoraji. Mshike basi fundi aliyeinama juu ya saketi umeme ukiwa umepotea. Kwenye rezista mstari wa kahawia ni 1, mwekundu ni 2, wa machungwa ni 3. Chini ya tochi ya kibuluu mistari hiyo mitatu ni ndugu wa tumbo moja. Au mfikirie muuguzi wa zahanati anayetazama kidonda kwa tochi, na damu inaonekana kama chai ya rangi. Huyo anahitaji lumeni 300 zinazosema ukweli kuliko 3000 zinazodanganya. Chipu za kazi hiyo zipo: Nichia 519A yenye CRI inayozidi 90, au Luminus SST-20 ya kelvini 4000 yenye CRI 95. Lakini fungua macho! SST-20 hiyohiyo huuzwa pia kwa kelvini 6500 na CRI 70. Jina la chipu peke yake halitoshi, uliza ni toleo gani.

La tatu ni kudumu. Cree walipotoa XHP70 walitangaza zaidi ya lumeni 4000 kwa wati 32 hivi. Namba ya kweli, chipu hodari. Ila sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto, na bomba la alumini la kushikwa mkononi haliwezi kulitoa joto hilo lote kwa muda mrefu. Ndani ya dakika chache saketi hupunguza umeme isije ikakuchoma. Sasa angalia kanuni ya Marekani ya kupima tochi, ANSI FL 1, iliyotoka 2009. Inaruhusu lumeni zipimwe kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya mwanzo. Kwa hiyo kiwanda chaweza kuandika "lumeni 4000, saa 2" bila kusema uongo hata kidogo, ilhali umepata 4000 kwa dakika mbili na 900 kwa muda uliobaki. Tochi hiyo mimi naiita ya lumeni 900.

Sisemi chipu kubwa hazina kazi. Zina kazi, tena nzuri: zipewe umeme kidogo. LED yoyote ukiikamua hupoteza ufanisi. Ukiibembeleza hutoa mwanga mwingi kwa kila wati. Chipu kubwa inayokwenda polepole itamulika ua mzima usiku kucha bila kuchemka. Lakini nani anauza tochi kwa kusema "hii haichemki"?

Najua mtakalonijibu. Mtasema CRI ya juu inapunguza lumeni. Kweli, kwa robo hivi. Lakini jicho si kikokotoo. Weka lumeni 1000 na 1300, iwashe moja leo na nyingine kesho, uniambie ipi ni ipi. Rangi ya damu utaitambua leo hiihii.

Wengine mtasema mteja wa kawaida hajui majina ya chipu, atauliza lumeni tu. Atajuaje kama hakuna anayemwambia? Mteja huyohuyo huingia dukani akauliza simu ina ramu kiasi gani. Alifundishwa, akajua. Na kwenye tochi wa kufundisha ni sisi tunaojiita wapenzi, maana muuzaji hana haja.

Kwa hiyo mkienda dukani ulizeni manne: chipu gani na toleo gani, kelvini na CRI ngapi, kandela ngapi, na baada ya dakika 10 zimebaki lumeni ngapi. Muuzaji akianza kukuzungusha, rudisha pesa mfukoni, ondoka. Debe tupu haliachi kuvuma, na kwenye soko la tochi huvuma kwa lumeni.

Anayebisha aje na tochi yake ya lumeni nyingi, nami nije na ndogo yangu na kipima mwanga. Tukutane uwanjani usiku, mita 200. Nitaleta pia rezista.