Bei ya Paa la Kijivu

Ukitaka kununua nyumba kongwe huku Suna, msomaji, watu wengi watajitolea kukupa shauri. Mmoja atakuambia uende ofisi ya ardhi ukatazame kama hati ni ya kweli, na kama kiwanja hakikuwekwa rehani. Mwingine atakutuma kwa wazee uulize mpaka wapita wapi. Wa tatu atapanda darini agonge boriti, asikie kama zimeliwa na mchwa. Mashauri hayo yote ni mema. Lakini ni nadra kumpata mtu wa kukuambia uinue macho ulitazame paa lenyewe, na ukiliona ni la kijivu, zito, lenye mawimbi mapana na kuvu nyeusi, uulize: Je, hili ni asbesto? Na nani atakayelipa gharama ya kuliondoa?

Nasema wazi tangu mwanzo kwamba muuzaji anayelijua paa lake akanyamaza, anauza hatari pamoja na nyumba. Na nyumba ya namna hiyo ikiitwa rahisi, imeitwa jina lisilo lake.

Asbesto haikubuniwa na mwanadamu. Ni jiwe lichimbwalo ardhini, nalo lina ajabu moja: hupasuka likawa nyuzi laini kama pamba. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisichozimika. Moto hauziunguzi nyuzi hizo, mchwa hawaziwezi, wala kutu haizili. Zilipochanganywa na saruji zilifanya mabamba ya kuezekea, na mabamba hayo, tuseme haki, yalikuwa na sifa zake. Chini yake jua la Januari halichomi kama chini ya bati, na mvua kubwa ikipiga, mwalimu husikika darasani bila ya kupaza sauti. Ndiyo sababu shule, hospitali na nyumba za maafisa katika Kenya ziliezekwa kwayo, zama za ukoloni na hata baada ya uhuru wa mwaka 1963. Walioezeka, wengi wao hawakujua. Wenye viwanda hawana udhuru huo.

Maana mwaka 1924, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, alikufa mwanamke aliyeitwa Nellie Kershaw, umri wake miaka 33. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akaandika habari zake katika jarida la madaktari mwaka uo huo. Mwaka 1931 Uingereza iliweka kanuni za kupunguza vumbi hilo viwandani. Lakini haikuikataza asbesto yote mpaka mwaka 1999. Hesabu mwenyewe, msomaji. Miaka 75 ilipita baina ya kifo kile na katazo hilo, na ndani ya miaka hiyo mapaa yetu yaliezekwa.

Nyuzi hizi huwa nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho. Mtu akizivuta huingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hukaa humo maisha yake yote. Huleta asbestosisi, yaani mapafu kujaa makovu mpaka kupumua kukawa kazi. Huleta saratani ya mapafu. Tena huleta mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila namna ya asbesto, iwe nyeupe, ya kahawia au ya buluu, huleta saratani, na kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuivuta kazini. Wachimba dhahabu wa Macalder hawahitaji kufundishwa kwamba vumbi lina kisasi. Tofauti ni kwamba vumbi la shimoni mtu hulifuata mwenyewe, na hili la paani humfuata mtu kitandani.

Hapo dalali atacheka. Atasema, "Wazee walilala chini ya paa hili miaka arobaini, wala hawakufa." Neno hilo lina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio udanganyao zaidi. Ni kweli kwamba bamba zima, lisilopasuka wala kuguswa, hutoa nyuzi chache tu, na mwenye nyumba hana haja ya kukimbia usiku na watoto wake. Lakini dalali amesahau mambo mawili. Ugonjwa huu hukawia. Mara nyingi huonekana baada ya miaka 20, 30, au hata 40, wakati ambao mgonjwa hakumbuki tena ni wapi alipolivuta vumbi. Na tena, mnunuzi hanunui nyumba kongwe ili aiache kama ilivyo.

Anainunua aitengeneze. Humwita fundi atoboe bamba kwa keekee apitishe waya wa umeme. Vibarua hupanda juu bila ya kitu puani, hulikata paa kwa msumeno, na kwa kuwa mabamba ni mazito huyatupa chini yakavunjika. Mama hufagia ua. Vijana wa jirani huokota vipande: huyu afunikie banda la kuku, yule ajazie shimo la njiani, na magurudumu ya pikipiki yavisage kutwa nzima. Jioni kibarua hurudi kwake na nguo zake, mtoto humrukia amkumbatie. Kwa siku moja ya "kutengeneza", kitu kilichotulia juu kimeshushwa katika pumzi za watu ambao hawakununua nyumba wala hawakuiuza.

Njia iliyo halali ipo. Mwaka 2006 kanuni za Kenya za usimamizi wa taka ziliiweka asbesto katika taka za hatari, na Mamlaka ya Mazingira, NEMA, imetoa mwongozo wa kuiondoa. Kazi hufanywa na wenye leseni, wamevaa barakoa na mavazi ya kazi hiyo. Mabamba hulowanishwa maji, hufunguliwa moja moja bila ya kuvunjwa, hufungwa katika nailoni nzito, hutiwa alama, huchukuliwa mahali palipokubaliwa yakazikwa. Kisha ndipo huja bei ya mabati mapya, mbao, misumari na mifereji. Gharama hiyo si ndogo, nami sishangai kwamba watu huikimbia. Ninachokataa ni kwamba mwenye nyumba, aliyekaa chini ya paa hilo na kulifaidi, aikimbie kwa kumtwika mgeni asiyejua, naye mgeni amtwike kibarua wa siku moja.

Wako watakaosema kwamba sheria humtaka mnunuzi afumbue macho yake mwenyewe. Lakini macho hayaoni unyuzi. Maabara ndiyo iuonayo. Muuzaji na ataje mwaka paa lilipoezekwa, kipande kipimwe, na gharama ya kuliondoa ipunguzwe katika bei kabla ya mkono kushikwa. Hati ya ardhi tunaipekua; kwa nini paa lipite bure? Serikali nayo isijifiche nyuma ya mwongozo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na baadhi ya mapaa haya ni mali yake mwenyewe: yako juu ya nyumba za walimu na za wauguzi.

Huenda nawe, unaposoma ukurasa huu, umeketi chini ya mojawapo. Litazame. Likiwa zima, mwambie mwalimu wako mkuu aulizie lipimwe, nawe usitie hofu. Likiwa na ufa, msikae karibu nalo, wala msifagie vumbi lake likiwa kavu. Msirushe mawe ya kuangulia maembe upande huo. Na mpira wenu ukiangukia juu yake, uacheni huko huko.